Mwaka wa Maneno Madogo

Nilifika Old Moshi watu wakiwa wameshamzika Mama Ndeshi. Basi nililopanda kutoka Singida liliharibika njiani, na nilipofika juu kwenye ile migomba jioni, kilichobaki kilikuwa kaburi lenye udongo mbichi, mashada ya maua yaliyofungwa kwa nailoni, na viti vya plastiki ambavyo vijana walikuwa wakivipanga kimoja juu ya kingine ili wavirudishe vilikoazimwa. Ndeshi, binti yake, ambaye sasa ni bibi mwenye mvi kama mimi, alinishika mkono akaniingiza sebuleni, akaniketisha, akaniletea mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwenye bakuli. Nilikula peke yangu. Nje watu walizungumza Kichagga kwa sauti za chini, sauti za watu waliochoka kulia, na mimi nikiwa na kijiko mkononi nikatambua kwamba baada ya miaka yote hii bado nakisikia Kichagga kama nilivyokisikia mwaka ule niliokaa katika nyumba hii. Najua kinavyopanda na kushuka. Maneno yenyewe yananipita.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, ndio kwanza naanza sekondari. Tangu hapo nimefundisha Kiingereza sehemu kubwa ya maisha yangu, na wanafunzi wangu wamezoea kulalamika kwamba nawachosha kwa vihusishi, yale maneno madogo ya *in* na *on* na *at* ambayo vitabu vingine huyamaliza kwa ukurasa mmoja. Wakiniuliza sababu huwa nawaambia kwamba watunga mitihani wanayapenda. Ni jibu la kweli, ila si jibu lote. Maneno yale nilijifunza katika nyumba hii na katika darasa lililo mwendo wa nusu saa kutoka hapa, mwaka ambao sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na siku moja nilipoyahitaji hayakuwa suala la mtihani.

Baba alikuwa mkata miwa katika shamba kubwa la miwa huko tambarare, kusini mwa mji. Nilipochaguliwa kwenda shule ya kutwa huku mlimani, mzee mmoja wa kanisa letu la kambi ya wakata miwa alinitafutia mahali pa kukaa kwa Mama Ndeshi, mjane wa miaka arobaini na kitu, aliyeishi peke yake kwa sababu binti yake alikuwa Tanga akisomea uuguzi. Nyumba ilikuwa ya mbao, sakafu ya saruji, na jiko lilikuwa kibanda cha pembeni kilichogawanywa na ukuta mfupi wa miti, upande mmoja moto na upande wa pili ng'ombe. Chumba nilichopewa kilikuwa na vitanda viwili. Changu kilikuwa dirishani, na dirisha halikufungika vizuri, kwa hiyo ukungu uliingia asubuhi kama mtu wa nyumbani. Kile cha pili, cha ukutani, kilitandikwa blanketi la mistari na hakikulaliwa na mtu. Kila Jumamosi Mama Ndeshi alilitoa blanketi lile, akalianika juani, akalirudisha na kulinyoosha kwa kiganja. Nilidhani ni kitanda cha Ndeshi. Lakini Ndeshi alipokuja Pasaka alilala chumbani kwa mama yake, na mimi sikuuliza.

Mama Ndeshi hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa nayo kwa Kichagga. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, kikitosha kuniambia nile, nioge, nikakate majani ya ng'ombe. Na kila kitu alikielekeza kwa kupanda na kushuka. "Sogeza sufuria upande wa mlimani," aliniambia, na sufuria iko mafigani. "Kisu kiko upande wa chini wa kabati," na alimaanisha kushoto, kwa sababu kushoto kulielekea tambarare. Mimi niliyezaliwa mahali ambapo ardhi imelala sawasawa nilisimama katikati ya jiko nikizunguka kama kuku aliyepotea, na yeye alinitazama kwa mshangao wa kweli, maana hakuelewa mtu anawezaje kusahau mlima uko wapi. Tulikula kiburu jioni nyingi, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, na maziwa mgando. Tulikula tukitazama moto.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wenzangu wengi walitoka nyumba za walimu na watu wa ushirika, nyumba ambamo Kiingereza kilikuwa kimeshapita na kuacha nyayo. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Kileo, alikuwa kijana mwembamba aliyevaa sweta la kijani hata jua likiwaka. Juma la kwanza alitaka kila mmoja asimame aseme sentensi moja juu ya baba yake. Wenzangu wakasema zao. Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimeshaitunga kichwani kwa Kiswahili, kwamba baba yangu yuko kwenye miwa, yuko sukarini, kama tulivyosema kambini, nikaitafsiri neno kwa neno: "My father is in the sugar."

Mwalimu Kileo hakucheka. Aliuliza tu, kwa Kiswahili ambacho hakikuruhusiwa katika kipindi chake, "Amezama?"

Darasa likapasuka. Tangu siku ile hadi mwaka ulipokwisha niliitwa Inzeshuga. Waliniita hivyo kwenye mpira wa pete, waliniita hivyo kwenye foleni ya maji, na wengine nadhani hawakupata kujua kwamba jina langu ni Naomi. Hawakuwa watoto wabaya. Jina lilikuwa tamu mdomoni, na mimi sikuwa na ndugu pale wa kuwaambia waache. Nikanyamaza. Nilisoma kitabu cha sarufi peke yangu na kila ukurasa ukanizidishia giza. Mtu yuko *in* garini ikiwa gari ni dogo, lakini yuko *on* basini, kana kwamba abiria wote hupanda juu ya paa. Asubuhi ni *in*, usiku ni *at*, Jumatatu ni *on*. Kwa Kiswahili ningesema garini, basini, asubuhi, usiku, nikaendelea na maisha yangu. Saa za kurudi nyumbani wenzangu walitangulia kwa makundi wakisema Kichagga, nami nilifuata nyuma. Kulikuwa na mahali njiani ambapo migomba iliachana kidogo na tambarare yote ilionekana, na katikati yake moshi wa kiwanda cha sukari ulikuwa umesimama wima. Nilisimama pale nikiutazama moshi. Baba alikuwa chini yake mahali fulani.

Alasiri moja ya masika, nikiwa chumbani, nilimsikia wifi yake Mama Ndeshi, mwanamke mnene mcheshi aliyeitwa Mama Eli, akiingia sebuleni. Ukuta ulikuwa wa mbao na mbao zilikuwa zimeachana. Walizungumza Kichagga, lakini katikati ya Kichagga Kiswahili kilidondoka kama punje: shule, baba yake, Desemba, hospitali, halafu tena baba yake. Sauti ya Mama Ndeshi ilikuwa ya mtu anayeeleza jambo zito. Mama Eli alikuwa akiguna. Mtu akisikia lugha asiyoijua, huziba mapengo kwa hofu zake. Mimi nilijaza hivi: wamechoka nami, Desemba nitarudishwa kwa baba yangu. Nikaamua kuwapunguzia mzigo. Kuanzia jioni ile nilikula nusu ya chakula changu na kusema nimeshiba. Mama Ndeshi aliitazama sahani, akanitazama, akaiondoa.

Mvua ilipozidi, kijito kilifurika na wanafunzi wa ng'ambo hawakuja. Tulikuwa wachache darasani, tumejikunyata. Mwalimu Kileo aliketi juu ya dawati, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akaufunga mlango kwa mguu na kusema leo tuzungumze Kiswahili.

"Naomi," akasema. "Nikikwambia mezani pana vitabu, vitabu viko wapi?"

"Viko juu, vinaonekana."

"Na mezani mna mende?"

"Mende yuko ndani. Kwenye mtoto wa meza."

"Nani kakwambia ni ndani? Mimi nimesema mezani tu."

Nikafikiri. "Hiyo 'mna'."

"Na nikisema huko mezani kuna kelele?"

"Basi sijui ni wapi hasa. Ni huko huko tu."

Akawageukia wengine. "Huyu mnayemcheka anajua tofauti ambayo nimekuwa nikiwaimbia tangu Januari. Mwingereza ameiweka mbele ya neno, sisi tumeificha ndani ya kitenzi. Lugha hizi mbili hazilingani sawasawa, zitawadanganya mara nyingi tu." Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Lakini usiniambie tena kwamba huijui tofauti hiyo."

Sidhani kama alijua alichonipa. Nilirudi nyumbani kwenye matope nikiwa na kitu cha kufanya. Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kusema naye, nilisema na vitu. Maziwa *in* kibuyu, kibuyu *on* rafu, mwanga *under* mlango, moshi *between* mbao za dari. Nilimwelezea ng'ombe kwa Kiingereza kwamba majani yako mbele yake na mkia uko nyuma yake, na alinisikiliza kuliko darasa lote. Siku moja Mama Ndeshi alisimama mlangoni akanisikia, akarudi nyuma taratibu. Baadaye niligundua alidhani ninasali.

Maumivu yake niliyaona nikiwa sijui kuwa ni maumivu. Kuna jioni alipomaliza kula alisimama ghafla, akashika nguzo ya jiko, akabaki ameinamisha kichwa. Nilipomuuliza, alisema ni tumbo tu. Alikuwa ameshakwenda zahanati mara nyingi, akapewa dawa ya minyoo, akapewa dawa nyeupe ya kunywa. Kufikia Agosti macho yake yalikuwa na umanjano. Asubuhi moja alishindwa kunyanyuka kukamua ng'ombe. Mama Eli akaja mbio, akasimamisha gari la ushirika lililokuwa likishuka mjini, tukampandisha mbele karibu na dereva. Mama Eli alibaki kwa sababu ya ng'ombe na kwa sababu, alisema, hospitali inamtia kizunguzungu. Mimi nilipanda nyuma.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mgeni, kijana mrefu kutoka Ulaya, mwenye majuma machache tu nchini. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria aliitwa wodi ya wazazi, akatuacha sisi watatu katika chumba kidogo chenye kitanda cha chuma na mizani. Daktari alimtazama Mama Ndeshi, akanitazama mimi na sare yangu ya shule, akauliza polepole kama najua Kiingereza. Ningeweza kusema hapana. Miezi minane nilikuwa nimesema hapana kwa kunyamaza.

"Little," nikasema.

Akataka kujua maumivu yako wapi. Nilimgeukia Mama Ndeshi. Na yeye, ambaye hakuwahi kuniambia habari zake hata moja, akaanza kueleza kwa Kiswahili chake chote na kwa mkono wake, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Yanaanzia hapa, chini ya mbavu, upande huu wa kulia. Yanapanda. Hayazunguki, mwambie, hayazunguki. Yanapenya katikati mpaka mgongoni, yanakaa hapa kati ya mabega. Ni baada ya kula. Nikila nyama yenye mafuta ndiyo kabisa."

Nilisema *under* mbavu. Sikujua mbavu kwa Kiingereza, kwa hiyo nikazigusa zangu. Nilisema *between* mabega, nikayagusa mabega. Nilisema *after* chakula, si *before*, nikalirudia hilo kwa sababu aliniuliza mara ya pili. Lakini nilipofika kwenye kupenya nilikwama. *Around* nililijua, na ndilo Mama Ndeshi alilokuwa akilikataa. Daktari alisubiri. Mama Ndeshi alisubiri, jasho likimtoka juu ya mdomo. Nikaliona darasa na Mwalimu Kileo akitupitisha mmoja mmoja mlangoni, akitaka kila mmoja aseme anachofanya. Nikaunyooshea mlango kidole. "Through," nikasema. "It goes through."

Akalirudia neno lile taratibu, akaweka vidole vyake chini ya mbavu za Mama Ndeshi, akamwomba avute pumzi. Mama Ndeshi alivuta, akaikata katikati na kutoa sauti ambayo sijaisahau.

Kisha yakaja maswali mengine. Daktari aliuliza amezaa mara ngapi. Niliuliza. Mama Ndeshi alitazama ukuta kwa muda mrefu hivi kwamba nilidhani hakusikia, nikauliza tena.

"Sita," akasema. "Aliye hai ni Ndeshi."

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na tano, na ilinibidi nilichukue neno lile kwake na kulipeleka kwa mwanamume mgeni kwa lugha ambayo mimi na Mama Ndeshi tuliiogopa. Nilisema wamezaliwa sita na mmoja yuko hai. Daktari aliacha kuandika. Alisema kitu kifupi, cha pole, ambacho sikukitafsiri kwa sababu Mama Ndeshi alikuwa ameshakisoma usoni mwake.

Yalikuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo. Nilipomwambia, alikunja uso. "Mawe? Mimi nimekula mawe lini?" Nikacheka, naye, akiwa amejishika ubavu, akacheka kidogo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza sisi kucheka jambo moja. Walimlaza ili apasuliwe. Kabla sijaondoka alinishika kiwiko. "Kitanda kile cha ukutani ni cha Aikande," akasema. "Alikuwa wa mwisho. Mngelingana. Pale hakuna baridi, kama unataka kuhamia."

Sikuhamia. Lakini majuma yale aliyokaa hospitali, kila Jumamosi nililitoa blanketi la mistari nikalianika juani, nikalirudisha na kulinyoosha kwa kiganja. Nyumba ilikuwa kimya kuliko nilivyodhani nyumba inaweza kuwa. Nilikamua, nikakata majani, nikaenda shule, nikaitwa Inzeshuga, nikarudi. Usiku Mama Eli alilala nami, mchana akashughulikia shamba lake. Jioni moja alinipakulia ndizi, mimi nikala nusu kama kawaida, akaweka mwiko chini.

"Wewe una nini na chakula chetu?" akauliza. "Wifi yangu amekonda kwa mawazo juu yako. Masika alinieleza, huyu mtoto ana upweke, upweke utamkondesha, akifika Desemba baba yake atasema tumemnyima chakula. Akasema kama yeye mwenyewe ataingia hospitali, nikuchukue kwangu, usirudishwe kwa baba yako ukaacha shule."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akishangaa. Nilivuta bakuli nikamaliza zile ndizi, nikaomba nyingine, na sikuweza kumweleza kwa nini ninalia na chakula kiko mdomoni.

Mama Ndeshi alirudi akitembea polepole, na toka hapo tulikuwa tukiongea. Si sana. Jioni alitaka nimfundishe yale maneno niliyomwambia daktari, akayarudia kwa lafudhi yake nzito huku akimenya ndizi, *anda, bitwini, sruu*. Naye alinifundisha kuamkia kwa Kichagga, nikawa nakosea makusudi ili anirekebishe. Ilikuwa Septemba na Oktoba tu. Novemba baba alikuja, amevaa shati la kanisani, akaketi ukingoni mwa kiti na kusema kwamba watu wetu wa Singida wanahamishiwa katika kijiji cha ujamaa, kila familia ionekane na kupimiwa kiwanja, kwa hiyo anaacha kazi ya miwa. Yeye atatangulia. Mimi nimalize mitihani nifuate, shule nitatafutiwa huko. Alimshukuru Mama Ndeshi kwa maneno mengi ya heshima. Mama Ndeshi alisema, "Haya, baba Naomi," akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Katika mtihani wa Kiingereza nilipita vizuri. Sikuwa wa kwanza. Mwalimu Kileo alinipa mkono akaniambia nisiingie mji wowote bila kumtafuta mwalimu wake wa Kiingereza, na wenzangu walinipungia wakiita jina langu la sukari, wengine kwa upendo sasa, nadhani.

Asubuhi ya safari Mama Ndeshi alikataa kuniaga nyumbani. Daktari alikuwa amemkataza kubeba na kutembea miteremko mirefu, naye alitembea mteremko wote mpaka stendi ya mjini, akiwa amebeba kichwani mkungu mdogo wa ndizi za kwenda nazo. Stendi ilikuwa imejaa watu wa Desemba wanaorudi kwao, wao wakishuka kwenye mabasi na mimi nikipanda. Kondakta, kijana wa kule kule mlimani, alinisalimia kwa Kichagga na kuniuliza kitu. Salamu niliijibu, swali likanipita. Akamgeukia Mama Ndeshi akahamia Kiswahili.

"Mama, huyu binti ni wa nani? Anasafiri peke yake?"

"Wa kwangu," akasema.

"Wa kwako na hajui lugha?"

"Nimesema ni wa kwangu. Mkalishe mbele, karibu na dereva. Asisimame."

Nimewapa wanafunzi wangu sentensi nyingi za kutafsiri, lakini ile ya "wa kwangu" sijawahi kuwapa. Mimi mwenyewe nimeijaribu mara kadhaa kwenye karatasi. Nikisema ni mali yake, si hivyo. Nikisema natoka nyumbani kwake, nyumba inabaki na mtu anapotea. Kondakta hakuhitaji tafsiri. Alichukua mkungu kutoka kichwani kwa Mama Ndeshi, akanipisha nipande, akaniwekea mahali mbele karibu na dereva. Mama Ndeshi hakunikumbatia, watu wa kule na wa wakati ule hawakufanya hivyo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuutikisa kidogo, kama anapima uzito wake, halafu akauachia. Injini ilipowaka nilichungulia dirishani nimpungie. Alikuwa ameshageuka, mkono mmoja ubavuni, anaanza kuupanda mlima polepole.